Bei za Nyumba Dar Zimejaa Upepo? Hesabu ya Kupanga na Kununua, Hatua kwa Hatua

Dar es Salaam, bei ya nyumba ikizidi kipimo haiporomoki, inaganda. Nyumba inatangazwa kwa milioni 180, mwaka unakatika, maandishi ukutani yanapauka, dalali wa kwanza anachoka anakuja wa pili, na bei bado ni ile ile, "maongezi yapo". Mwenye nyumba hana presha kwa sababu hadaiwi na benki. Alijenga kwa mafungu, tofali mwaka huu, mabati mwaka ujao, na nyumba ikiendelea kusimama haimgharimu zaidi ya mlinzi na kufyeka nyasi.

Marekani mambo yalikwenda tofauti. Bei zilipofika kilele mwaka 2006, waliokopa wakashindwa marejesho, benki zikazichukua nyumba na kuzimwaga sokoni, na bei zikaanguka miaka kadhaa mfululizo. Tanzania, mikopo yote ya nyumba ikijumlishwa haifiki asilimia 1 ya pato la Taifa, kwa hiyo hakuna wa kuzimwaga nyumba sokoni kwa mkupuo. Anayesubiri bei "zianguke" Mbezi Beach ndipo anunue atasubiri mpaka mvi. Naye anayenunua mbio mbio kabla hazijapanda anaweza kujikuta na nyumba ambayo siku ya shida haiuziki kwa bei aliyonunulia.

Ndiyo maana mwongozo huu haubashiri bei. Unakupa namna ya kupima nyumba moja, ile unayoitaka, kwa kodi yake, kwa miaka utakayokaa humo na kwa fedha yako. Tarakimu za mifano tumezichagua ili hesabu isomeke. Weka za kwako mahali pake.

Hatua ya 1: Linganisha nyumba ile ile

Kosa linaloharibu hesabu nyingi ni kulinganisha kupanga Sinza na kununua Chanika. Hizo ni nyumba mbili na maisha mawili. Anayehama Sinza kwenda Chanika amenunua pia saa tatu za barabarani kila siku, na kama ana gari la kutumia mafuta ya shilingi 15,000 kwa siku, siku 22 za kazi ni shilingi 330,000 kwa mwezi. Hiyo peke yake inalipa kodi ya nyumba nzuri tu sehemu nyingi za mjini.

Kwanza chagua eneo ambalo ungeishi hata kama ungepanga. Kisha tafuta tarakimu mbili za nyumba ya aina moja katika eneo hilo: inauzwaje na inapangishwaje.

Kodi ni rahisi kuipata. Nenda kwa dalali kama mpangaji, taja sifa zile zile: vyumba vitatu, kimoja master, fensi, luku ya kujitegemea, maji ya DAWASA yanayotoka kweli. Usiseme unataka kununua. Ukionyeshwa nyumba, uliza imekaa wazi muda gani na mwenye nyumba anapokea ya miezi mingapi. Akisema "miezi sita, lakini hata mitatu tunaongea", umejifunza jambo kubwa kuhusu soko la mtaa huo.

Bei ya kuuzia ni ngumu, kwa sababu unayoisikia ni ya tangazo na nyumba hulipwa bei nyingine. Wanaojua bei iliyolipwa ni watatu: mthamini aliyesajiliwa anayefanya kazi eneo hilo, majirani wa nyumba iliyouzwa karibuni, na watu wa ofisi ya serikali ya mtaa ambako mauziano mengi hushuhudiwa. Tafuta nyumba tano zilizouzwa kweli ndani ya miaka miwili. Ukikosa hata tatu, hilo nalo ni jibu: soko la hapo limeganda, na bei unazotajiwa ni matumaini ya wauzaji.

Kitu kimoja kuhusu dola. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni nchini. Ukitajiwa dola Masaki au Oysterbay, dai bei ya shilingi kwa maandishi na ufanye hesabu kwa shilingi.

Hatua ya 2: Hesabu miaka ya kodi

Gawanya bei ya nyumba kwa kodi ya mwaka mzima. Jibu ni idadi ya miaka ambayo kodi ingeilipa nyumba hiyo.

Tuseme nyumba ya vyumba vitatu Goba inauzwa milioni 180 na ya aina yake inapangishwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka kodi ni milioni 7.2. Milioni 180 kwa milioni 7.2 ni miaka 25.

Ni nyingi au chache? Vitabu vya nje husema chini ya 15 nunua, juu ya 20 panga. Usivichukue hivyo hivyo, maana vimeandikwa na watu wa nchi ambako fedha benki haizai kitu. Kipimo cha hapa kinatoka kwenye tarakimu tatu: fedha yako ingezaa asilimia ngapi bila jasho, nyumba inakula asilimia ngapi kwa matengenezo, na unatarajia bei ipande asilimia ngapi kwa mwaka.

Kwa mfano huu chukua asilimia 11 kwa fedha iliyoko kwenye hatifungani za Serikali za muda mrefu (unaikopesha Serikali, inakulipa riba) au kwenye vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Ongeza 1 ya matengenezo na kodi za Serikali kwenye nyumba. Toa 5 ya kupanda kwa bei. Mfumuko wa bei nchini umekuwa ukicheza kwenye asilimia 3 na ushei, kwa hiyo 5 ni matarajio ya mtu mwenye imani. Inabaki 7. Gawa 100 kwa 7, unapata 14 na kidogo.

Basi kwa anayenunua kwa fedha taslimu, nyumba ya miaka ya kodi 14 kushuka chini inastahili kununuliwa. Kati ya 14 na 20 uamuzi utategemea utakaa muda gani. Ikivuka 20, sehemu ya bei unayolipa ni ya matumaini ya muuzaji, na unayalipia kwa fedha halisi.

Piga hesabu hiyo kwenye nyumba ya uswahilini yenye vyumba sita, kila kimoja 60,000. Ni 360,000 kwa mwezi, milioni 4.32 kwa mwaka. Ikiuzwa milioni 40, ni miaka 9 tu. Ndiyo maana wenye nyumba za vyumba Manzese na Mbagala wanakula kodi, na wenye majumba ya ghorofa ufukweni wanakula mandhari. Upepo hauvumi sawa mji mzima. Mtu akikwambia "Dar nyumba ni ghali", muulize nyumba gani.

Hatua ya 3: Tafuta bei inatakiwa ipande kiasi gani ili usipate hasara

Rudi Goba. Milioni 180 zikikaa kwenye asilimia 11 zinazaa milioni 19.8 kwa mwaka. Ukizifunga kwenye nyumba unazikosa hizo. Ongeza milioni 2 za rangi, bomba, paa, pango la ardhi na kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku. Jumla milioni 21.8. Toa kodi ya milioni 7.2 ambayo hutalipa tena. Kinachobaki ni milioni 14.6, yaani asilimia 8.1 ya bei.

Maana yake: ili uwe sawa na jirani yako anayepanga nyumba kama hiyo, nyumba yako inatakiwa kupanda asilimia 8.1 mwaka wa kwanza. Kodi zikipanda miaka inavyokwenda pengo litapungua, ila halifungiki haraka. Jiulize kama ukiiweka sokoni mwakani utapata milioni 194 na nusu mkononi. Mkononi, siyo kwenye tangazo.

Hesabu hii inamsaidia mpangaji kwa sharti moja zito: milioni 180 ziko kweli mahali zinazaa. Ziko kwenye akaunti ya kawaida, au zinachotwa kila kukitokea mchango wa harusi, basi futa yote uliyosoma juu. Tofali haling'olewi ukutani kulipa kamati ya send-off. Kwa watu wengi hiyo ndiyo faida kubwa ya nyumba kuliko zote, na hatuicheki.

Hatua ya 4: Ukinunua kwa mkopo, angalia miaka mitano ya kwanza

Chukua nyumba ile ile. Unatoa asilimia 20, milioni 36, unakopa milioni 144 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 20. Rejesho ni kama shilingi 1,896,000 kila mwezi. Ukitaka lisizidi asilimia 40 ya mshahara unaoingia mkononi, mshahara huo uwe si chini ya milioni 4.74.

Sasa lipasue rejesho la mwezi wa kwanza. Riba ni 1,800,000. Linalopunguza deni ni 96,000. Baada ya miaka mitano umelipa karibu milioni 114, na deni limetoka milioni 144 likafika milioni 135 na nusu. Milioni 114 zimeshusha deni kwa milioni 8 na nusu! Watu wakioneshwa jedwali hili kabla ya kusaini, wengine huondoka na kalamu yao. Omba benki ikuchapishie lote, mwezi kwa mwezi, na uliza mambo mawili: riba inaweza kubadilishwa katikati, na kuna faini ukilipa deni kabla ya muda?

Mwenzako anayepanga kwa 600,000 anabakiwa na karibu milioni 1.3 kila mwezi. Akiiweka bila kuruka kwenye asilimia 11, pamoja na zile milioni 36 ambazo hakuzitoa, baada ya miaka mitano ana kama milioni 165. Kodi yake itakuwa imepanda kidogo; matengenezo ya nyumba yako nayo hatujayahesabu, kwa hiyo tuseme ngoma droo hapo. Wewe, nyumba ikibaki milioni 180, ukiuza na kulipa deni unabaki na milioni 44 na nusu. Ikipanda asilimia 5 kila mwaka, unabaki na kama milioni 94. Ikipanda asilimia 10 kila mwaka, milioni 154. Hata hapo hujamfikia.

Ukikaa miaka 15 au 20 mizani inaweza kugeuka kama kodi na bei za nyumba zinapanda kwa kasi, kwa sababu rejesho limesimama. Kwa hiyo mkopo wa nyumba kwa riba za hapa unamfaa asiyetarajia kuhama. Mtumishi anayeweza kupewa barua ya uhamisho kwenda Dodoma au Tabora wakati wowote apange.

Kujenga pole pole, na soko la mapagale

Wakazi wengi wa Dar hawachagui kati ya kupanga na kununua. Wanapanga huku wanajenga. Njia hii husifiwa kuwa ni ya bei nafuu, na mara nyingi wanaoisifia wamejumlisha risiti tu.

Tuseme kiwanja milioni 20 mwaka wa kwanza, msingi milioni 12 mwaka wa pili, kuta milioni 15, kenchi na bati milioni 18, kisha umaliziaji milioni 10 mwaka wa tano na 10 wa sita. Risiti zinasema milioni 85. Lakini milioni 20 za kiwanja zimelala miaka sita bila kuzaa, msingi miaka mitano, kuta minne. Kwa ile asilimia 11, gharama halisi siku unayohamia ni kama milioni 128. Kama nyumba iliyokamilika hapo jirani inauzwa milioni 120, kujenga pole pole kumekugharimu zaidi, na hujaweka saruji iliyoibwa wala fundi aliyekimbia na hela ya nondo.

Njia mbili za kupunguza maumivu. Ya kwanza: usianze msingi mpaka uwe na fedha ya kufika usawa wa bati. Kusanya kwanza, jenga kwa mkupuo. Ya pili, ambayo soko likiganda huwa nzuri zaidi: nunua pagale, nyumba iliyoachwa kabla ya kukamilika. Mwenye nyumba iliyokamilika anaweza kusubiri mnunuzi miaka mitatu, maana anaishi humo au ana mpangaji. Mwenye pagale halimwingizii kitu, na hufika siku anahitaji hela ya hospitali au ada. Kwa hiyo bei za mapagale hulegea kabla ya zote.

Nenda na fundi usiyeletewa na muuzaji. Angalia nondo zilizochomoza juu ya nguzo: kutu ya juu juu inasuguliwa, lakini nondo iliyoliwa ikawa nyembamba au inayobanduka magamba inamaanisha nguzo kukatwa sehemu hiyo na kuungwa upya. Kwaruza tofali kwa msumari. Likimwagika kama mchanga wa sukari, saruji ilikuwa ya kubahatisha. Kuta zilizokaa masika matatu bila linta huwa zimelegea safu za juu, na safu hizo huteremshwa. Chimba pembeni ya msingi mahali pawili uone kina chake. Kama kenchi zimeshapandishwa, gonga mbao uzisikilize. Mchwa wa Dar hawana adabu.

Dalili kwamba bei za eneo zimejaa upepo

Moja ya kutegemewa: bei za kuuzia zinatajwa kupanda huku kodi zimesimama au zinashuka. Kodi haina upepo, kwa sababu mpangaji analipa uwezo wa mfuko wake wa mwezi huo. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, apatimenti zikabaki wazi Upanga na Masaki. Kodi ndizo zilizoanza kulegea, wenye nyumba wakakubali miezi mitatu badala ya mwaka, na bei za kuuzia zikaendelea kutajwa zile zile kwa muda mrefu.

Kwa jengo la apatimenti pita saa mbili usiku katikati ya wiki uhesabu taa. Jengo la ghorofa kumi lenye taa kwenye madirisha manane haliwezi kuuzwa kwa bei ya jengo lililojaa. Pita tena asubuhi uangalie kamba za nguo.

Dalili ya pili ni bei inayosimama juu ya kitu ambacho hakijajengwa. "Mwendokasi unakuja", "lami inakuja", "bandari inakuja". Baadhi huja kweli: daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016, na mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka huo huo kati ya Kimara na mjini. Lakini huko huko Kigamboni kulikuwa na mpango wa Mji Mpya uliotangazwa 2008. Wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao kwa miaka, na mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa. Kanuni yetu: mradi ambao mkandarasi yuko saiti mpe thamani nusu. Mradi ulioko kwenye hotuba mpe sifuri.

Ya tatu ni ya viwanja vya kampuni vinavyolipwa kidogo kidogo. Kampuni inauza mita moja ya mraba kwa shilingi 12,000, na inakwambia mwakani itakuwa 15,000. Mtafute aliyenunua hapo hapo miaka mitatu iliyopita na sasa anauza mwenyewe. Kama anauza kwa 9,000 na hapati mtu, hiyo 9,000 ndiyo bei ya juu kabisa ya eneo.

Hatua ya 5: Kabla ya kusema bei, ondoa nyumba zisizonunulika

Hapa kuna mambo ambayo bei ndogo haiyafidii.

Maji. Iangalie nyumba wakati wa masika, Machi hadi Mei. Boko Basihaya, sehemu za Tegeta na Bonde la Msimbazi zinapendeza sana Desemba. Kama huwezi kusubiri, tazama kuta: rangi mpya iliyoishia usawa wa goti au kiuno, na juu yake rangi ya zamani, imefunika mstari wa tope. Angalia soketi za umeme. Zikiwa zimehamishiwa juu ya mita moja vyumba vyote, wenyeji wanajua wanachokikimbia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au ufukwe.

Barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 inatoa hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa, na ziko sehemu za Barabara ya Morogoro zenye hifadhi kubwa zaidi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi, zikiwemo za ghorofa. Nenda TANROADS, wakala wa barabara, na ramani mkononi. Usitosheke na kwamba hakuna alama ya X ukutani, maana rangi hufutika.

Hati. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na unachonunua ni haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Soma imebaki mingapi. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi na haina nguvu ya hati. Mkataba wa serikali ya mtaa peke yake unathibitisha kwamba mliuziana. Hauthibitishi kwamba aliyekuuzia ni mmiliki, wala kwamba hapo si eneo la shule kwenye ramani ya mipango miji.

Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati mwenyewe au kupitia wakili wako, upate majibu ya maandishi: jina la mmiliki, rehani, zuio. Ufanye tena siku chache kabla ya kulipa. Ridhaa ya mke au mume iwe ya maandishi, na kama mmiliki amefariki, dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani na sahihi za warithi. Yale maandishi "NYUMBA HII HAIUZWI" unayoyaona kwenye kuta za mji huu yaliandikwa kwa sababu kuna mtoto au shemeji aliyekuwa ameshaanza kuiuza. Kwa apatimenti, ulizia hati ya sehemu yako kwa Sheria ya 2008 (Unit Titles Act). Usipewe ahadi kwamba hati mama ipo na "tutagawanya baadaye". Ulizia pia ada ya huduma ya mwezi, na nani analipa lifti ikiharibika.

Gharama za kuhamisha umiliki zitenge mapema, asilimia 4 hadi 6 ya bei: wakili, mthamini, ushuru wa stempu wa asilimia 1, ada za wizara. Kodi ya ongezeko la mtaji ni mzigo wa muuzaji, na kwa mkazi kawaida ni asilimia 10 ya faida. Wauzaji wengi hupenda kusema "mimi nataka yangu safi", wakimaanisha uilipe wewe. Bila cheti cha TRA uhamisho haukamiliki, hivyo iandikwe kwenye mkataba nani analipa, na kiasi hicho kizuiliwe kwa wakili hadi cheti kitoke. Kama ofisi ya mtaa inadai asilimia fulani ya bei, omba kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali. Isipokuwepo, hilo dai halina mguu.

Hatua ya 6: Toa bei inayotokana na kodi

Nyumba ya Goba imepita vichujio vyote. Kodi yake ya mwaka ni milioni 7.2, mara 14 ni milioni 100 na laki nane. Hapo ndipo hesabu inakubali bila shaka. Mara 20 ni milioni 144, na hapo ni kwa anayejua atakaa miaka 15 na watoto wako shule ya jirani. Bei yako ya juu kabisa iko kati ya hizo mbili, na uiandike kwenye karatasi kabla hujaonana na muuzaji.

Usimtukane kwa kusema nyumba yake haina thamani hiyo. Mwoneshe kodi.

"Bosi, mzee hashuki chini ya mia na sabini," atasema dalali.

"Mzee simlaumu, kajenga kwa jasho. Mwambie kwa kodi ya hapa mimi nafika mia na thelathini na tano, hela ipo, naweka kwa wakili wiki hii. Akibadili mawazo anipigie."

Kisha uondoke kweli. Soko lililoganda lina tabia hii: bei haishuki hadharani, lakini mtu mmoja mmoja hulegea faraghani, Januari ya ada ikikaribia au mirathi ikitaka kugawanywa. Acha ofa kama hiyo kwenye nyumba nne au tano na uendelee kupanga.

Na unapopanga ukisubiri, panga kwa akili. Mkataba wa miaka miwili wenye kodi iliyofungwa, au kupanda kusizidi asilimia uliyoiandika. Taarifa ya miezi mitatu kabla ya kutolewa, na kifungu kwamba nyumba ikiuzwa mnunuzi anaurithi mkataba. Luku yako peke yako. Ukiombwa kodi ya mwaka mzima badala ya mwezi kwa mwezi, kwa asilimia 11 unapoteza kama nusu mwezi na kidogo cha kodi. Mwenye nyumba akipunguza mwezi mmoja, umefaidi. Asipopunguza, lipa miezi sita. Ada ya dalali ya mwezi mmoja na kirikuu cha kuhamishia vyombo viweke kwenye hesabu kila unapohama, kwa sababu mpangaji anayehama kila mwaka anakula faida yote ya kupanga kwa mikono yake.

Rudia hatua ya 1 hadi ya 3 kila Julai, kwa kodi mpya na riba mpya. Riba za hatifungani zikishuka hadi asilimia 9, ile 14 inakuwa 20, na nyumba uliyoikataa mwaka jana inaweza kustahili simu.